Sura ya 7: Gari Linalolala Nyamisati

Ramadhani ikiingia kumi la mwisho, simu yangu haipumziki. Anapiga shemeji, anapiga jirani wa zamani wa Mbagala, anapiga hata mtu niliyekaa naye kwenye semina miaka mitatu iliyopita, na wote wanauliza jambo moja: "Dada, nataka kukodi gari niwapeleke watoto nyumbani sikukuu. Nifanyeje lisinimalize?"

Huwa sijibu kabla sijauliza: nyumbani wapi? Mwaka mmoja aliyepiga alinijibu, "Maparoni." Nikacheka mpaka akaudhika. Alikuwa amekwishaongea na mwenye gari, wamekubaliana siku tano, na alichotaka kwangu ni mbinu ya kupunguziwa elfu kumi kwa siku.

"Kaka," nikamwambia, "hiyo elfu kumi achana nayo. Utalipa siku tano, gari litatembea siku mbili. Siku tatu litakuwa limelala chini ya mwembe Nyamisati, wewe uko ng'ambo ya mikoko unakula wali kwa kamba."

Nilijua ninachosema. Mwembe huo niliwahi kuulipia mwenyewe.

Kwa asiyepajua, Maparoni ni kata ya Wilaya ya Kibiti, Mkoa wa Pwani, ndani ya delta ya Rufiji. Delta ni pale mto unapokaribia bahari ukajigawa mikono mingi, kama mkono wa mtu unavyoishia kwenye vidole. Katikati ya vidole hivyo kuna visiwa, mashamba ya mpunga, vijiji vya wavuvi na mikoko inayofunika zaidi ya hekta 50,000, msitu wa mikoko mkubwa kuliko mwingine wowote Afrika Mashariki. Barabara huishia ukingoni. Kutoka Dar es Salaam unashika Barabara ya Kilwa, unapita Kongowe, Vikindu, Mkuranga, Kimanzichana na Jaribu Mpakani, unafika Bungu. Hapo unaiacha lami kuu na kukunja kushoto kama kilomita 40 hadi Nyamisati. Mbele ya Nyamisati ni maji. Kivuko cha MV Kilindoni huenda Mafia kutokea hapo, na boti za watu wa Delta huelekea vijijini kwao.

Nimeichagua safari hii makusudi. Anayekwenda Moshi au Tanga anaweza kujidanganya kwamba gari la kukodi linamfaa kila siku, kwa kuwa analiona uani. Wa Maparoni hana pa kujificha. Maji yanamwonyesha wazi kwamba analipia kitu asichokitumia.

Unalipia siku, si safari

Mwaka 1916 huko Omaha, Marekani, kijana aitwaye Joe Saunders alianza kukodisha gari lake la Ford. Alilifungia kifaa cha kuhesabu maili, akawa anatoza senti 10 kwa kila maili. Hesabu yake ilikuwa ya haki: gari likitembea unalipa, likisimama hulipi. Biashara ikakua, wenye magari wakang'amua kwamba gari lililosimama kwako ni gari ambalo hawawezi kumpa mtu mwingine, na bei ikahamia kwenye siku. Leo Dar es Salaam ukiuliza "gari shilingi ngapi?" utajibiwa kwa siku, na hakuna atakayekuuliza unakwenda kulifanyia nini.

Kwa hiyo mwenye gari na mkodi wanapoongea, kila mmoja ana gari lake kichwani. Mkodi anaiona safari: watoto nyuma, mabegi juu, tunafika. Mwenye gari anaiona kalenda: Jumatano, Alhamisi, Ijumaa, Jumamosi, Jumapili. Ukitaka kuokoa hela yako, iweke safari yako kwenye kalenda yake kabla hamjaanza kupatana. Chukua karatasi, andika kila siku, na mbele yake andika gari litakuwa linafanya nini. Siku utakayoandika "limeegeshwa" ndiyo siku ya kuishughulikia. Elfu kumi za kubembeleza zije baadaye.

Hesabu ya sikukuu moja

Tuifanye kwa tarakimu. Bei hizi ni za mfano tu. Weka za kwako uone. Tuseme gari dogo la kuendesha mwenyewe ni shilingi 80,000 kwa siku. Dar es Salaam hadi Nyamisati tuiite kilomita 160, kwenda na kurudi 320. Gari linalokwenda kilomita 12 kwa lita litakunywa kama lita 27. Kwa bei ya mfano ya shilingi 3,000 kwa lita, ni shilingi 81,000.

Njia ya kwanza ni kwenda nalo na kukaa nalo siku tano. Gari 400,000, mafuta 81,000, mlinzi wa usiku Nyamisati tumpe 3,000 kwa usiku, siku nne za kulala 12,000. Jumla 493,000.

Njia ya pili ni kupelekwa na kufuatwa. Unakodi gari pamoja na dereva siku ya kwenda, anawashusha ukingoni, anarudi Dar na gari la watu. Siku ya tano anakuja kuwachukua. Hapa gari linatembea mara nne badala ya mbili, kwa hiyo mafuta yanakuwa 162,000. Siku za gari ni mbili, 160,000. Posho ya dereva, yaani hela yake ya chakula na jasho mbali na kodi ya gari, tuweke 20,000 kwa siku, 40,000. Jumla 362,000.

Wengi wakisikia habari ya gari kurudi tupu hushtuka, wakaona ni mafuta ya kumwaga. Kweli mafuta yameongezeka maradufu, lakini siku tatu za mwembe zimeondoka na 240,000 zake. Tofauti ni shilingi 131,000 mfukoni mwako.

Sasa punguza siku. Ukienda siku tatu tu, kukaa na gari kunakugharimu 240,000 za kodi, 81,000 za mafuta na 6,000 za mlinzi, yaani 327,000, na hapo kukaa nalo kuna nafuu kuliko kufuatwa. Zikifika siku nne inakuwa 410,000, na mizani imeshageuka. Kwa bei hizi, mpaka uko kati ya siku ya tatu na ya nne. Kwa bei zako utasogea, ila upo, na ukishaujua mwenye gari hawezi tena kukupeleka anakotaka.

Kwa ufupi: siku chache, baki na gari; siku nyingi, liache lirudi. Andika mpaka wako kabla ya kupiga simu.

Kalenda ya maji

Jambo hili sijaliona kwenye ushauri wowote wa kukodi magari, na ndilo lililonitoa hela nyingi kuliko yote.

Ukimwuliza nahodha wa Delta boti linaondoka saa ngapi, atakwambia, "Maji yakijaa." Mgeni hudhani amepigwa chenga, kumbe amepewa saa kamili. Pwani yetu maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kama dakika 50 kuliko jana yake. Mwezi ukiandama, au ukiwa mpevu, huja bamvua: maji yanajaa sana na kupwa sana, mpaka vijito vya ndani vinabaki tope na kaa wanatembea palipopita boti asubuhi. Mwezi ukiwa nusu ni maji mafu, hayapandi sana wala hayashuki sana. Siku za bamvua, kwenye pwani ya Dar es Salaam na kusini yake, maji hujaa karibu na saa kumi, alfajiri na jioni, na hupwa karibu na saa nne, asubuhi na usiku. Ndani ya mikono ya mto huchelewa kidogo.

Sasa itazame sikukuu. Idi ya Mfunguo Mosi, ile ya kumaliza Ramadhani, huja mwezi unapoandama, kwa hiyo kila mwaka huangukia bamvua. Mtu wa mjini anatoka Dar alfajiri, anajisifu kwa kuwahi, anafika Nyamisati saa nne asubuhi, na anakuta maji yako chini kabisa. Atakaa pale na watoto mpaka alasiri, akinunua soda moja baada ya nyingine. Angeondoka Dar saa nne angefika wakati maji yanapanda. Idi ya Mfunguo Tatu, ile ya kuchinja, ni tarehe 10 ya mwezi. Nusu mwezi imepita siku mbili tatu, maji ni mafu, na kujaa kwake ni karibu na adhuhuri. Safari hiyo ndiyo ya kudamkia.

Hayo yanahusiana vipi na gari? Yanahusiana kwenye neno "siku". Kwa wenye magari wengi siku ni saa 24 tangu ulipopewa ufunguo. Mwaka wangu wa mwembe nilipewa ufunguo mkesha wa Idi, saa mbili asubuhi, kwa siku tano. Maana yake nilitakiwa kulirudisha saa mbili asubuhi ya tarehe 5 Mfunguo Mosi. Siku hiyo maji ya Maparoni yalijaa saa moja na ushee. Tulipanda boti yakiwa yamejaa vizuri, tukafika Nyamisati, tukatafuta mzee mwenye ufunguo wa lango, tukafunga mizigo, na nikaingia Dar saa tisa alasiri. Nilichelewa saa saba. Nikaonyeshwa mstari kwenye mkataba: ukizidisha saa tatu, umeingia siku nyingine. Nikalipa siku ya sita kamili, kwa gari ambalo siku hiyo nililitumia kulirudisha tu.

Siku hizi nikipatana naitaja saa ya kurudisha kabla ya bei, na naomba saa za kuzidi zihesabiwe saa kwa saa. Wengi wanakubali. Wenyewe hawapendi ugomvi wa saa za kuzidi asubuhi ya Jumatatu.

Maswali ya kuuliza hela ikiwa bado mkononi

Namba ya gari uliitazama? Kwetu gari binafsi lina kibao cha njano, na gari la biashara kibao cheupe. Gari la njano linalokodishwa kwa siri huwa nafuu, na unafuu huo una sababu. Bima yake imekatwa kwa matumizi ya nyumbani. Likipata ajali likiwa limekodishwa, kampuni ya bima ina pa kukwepea. Magari ya kukodisha hutakiwa pia kuwa na leseni ya LATRA, mamlaka inayodhibiti usafiri wa ardhini.

Bima yenyewe ni ipi? Bima ndogo hulipa madhara uliyomfanyia mwingine: umemgonga mtu, umebomoa ukuta wake. Gari ulilokaa ndani yake hailigusi. Bima kubwa hulipa pande zote mbili. Stika sasa ni ya kielektroniki, na kwa namba ya gari tu unaweza kuhakiki kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka inayosimamia bima, kama iko hai na ni ya aina gani. Ni kazi ya dakika mbili. Halafu uliza swali ambalo wengi hulisahau: kukitokea hasara, mimi nabeba kiasi gani? Hata bima kubwa humwachia mkodi sehemu fulani, na mikataba mingine humwachia tairi, vioo na sehemu ya chini ya gari vyote. Na barabara ya Nyamisati inapiga hapohapo: tairi, kioo na chini.

Mengine yanatosha kuyaorodhesha:

– Gari linadaiwa faini za barabarani? Angalia kwa namba yake kwenye mfumo wa polisi kabla ya kuondoka, na upige picha ya skrini. Kosa moja la kawaida ni shilingi 30,000, na deni la mkodi aliyetangulia lisije likageuka lako.
– Kuna kikomo cha kilomita kwa siku? Kama kipo, siku za mwembe zinakusaidia: omba kilomita zihesabiwe kwa jumla ya safari nzima.
– Mafuta yanarudi kiwango gani? Kilichokuwamo ndicho kirudi. Ukiambiwa "rudisha tangi limejaa" wakati umelipokea likiwa robo, umeshaibiwa kwa adabu.
– Dhamana, yaani hela unayoiacha kama rehani, inarudi lini na kwa njia gani? "Tutakupigia" si jibu.
– Kukiwa na dereva, atalala wapi na atakula kwa nani?
– Barabara ikikatika, siku za kukwama ni za nani?

Hilo la mwisho si la kutishana. Aprili 2024 mafuriko ya Rufiji yaliingia kwenye vijiji vya Rufiji na Kibiti, na Mei mwaka huohuo mvua za Kimbunga Hidaya ziliikata Barabara ya Kilwa kule Somanga, magari yakalala foleni. Aliyekuwa na gari la kukodi upande wa pili alikuwa anahesabiwa siku huku anatazama maji ya kahawia yakipita palipokuwa na lami. Kama safari ni ya masika, sentensi moja kwenye mkataba inatosha: barabara ikifungwa, kodi inasimama au inakatwa nusu. Mwenye gari asipokubali, hesabu yako ya njia ya pili imepata sababu nyingine.

Mbuzi wa Nyamisati

Ukipewa ufunguo usiingie ndani kwanza. Lizunguke gari na simu ikirekodi video, ukisema kwa sauti unachokiona na tarehe ya leo. Anza na mlango wa dereva, zunguka hadi urudi pale ulipoanzia. Inama uone chini. Panda kizingiti urekodi paa. Fungua buti uone spea, jeki na spana ya magurudumu, pembetatu za tahadhari na mtungi wa kuzimia moto, kwa kuwa trafiki atakuuliza wewe, si mwenye gari. Maliza kwa dashibodi: kilomita na mshale wa mafuta. Yote hayo ni dakika kumi, na kijana wa ofisini atakuwa amekunja uso. Mwache akunje.

Paa na boneti nimevitaja kwa sababu. Mwaka ule niliegesha gari kwenye kivuli, nikampa mzee mmoja elfu kumi na tano alilinde siku zote, nikaona nimemaliza. Niliporudi nilimkuta mbuzi amesimama juu ya boneti, miguu ya mbele kwenye kioo, anakula majani ya tawi lililoshuka. Alikuwa ametulia kama mtu aliyekaa kwenye baraza lake.

"Shikamoo, babu. Huyu mbuzi?"

"Marahaba, mjukuu wangu. Huyo hapandi sana. Asubuhi tu, na jioni."

Zilikuwa alama ndogo ndogo za kwato, kama mtu aliyejaribu rangi kwa msumari. Kwenye mkataba wangu hapakuwa na neno mbuzi, lakini palikuwa na "mikwaruzo". Dhamana yangu ikaliwa, na mbuzi akabaki Nyamisati na shibe yake. Kungekuwa na video ya boneti ya siku ya kuchukua, walau ningebishana kuhusu alama mbili ambazo hadi leo naamini nilizikuta. Tangu hapo naegesha juani, mbali na mti wenye majani ya kufikika, na nafunika boneti kwa turubai. Gari linapata joto. Joto halikati dhamana.

La pili lililonikata siku hiyo lilikuwa harufu. Tulibeba ndoo mbili za kamba waliokaushwa, zawadi ya mama mdogo, na walikuwa hawajakauka sawasawa. Kilomita 160 za jua, vioo vimefungwa kwa ajili ya vumbi. Kijana wa ofisini alifungua buti, akaifunga, akaandika "usafi wa ndani" na kiasi ambacho kingenunua ndoo ya tatu.

Njiani

Barabara ya Kilwa ina vijiji vingi, na kila kijiji kina kibao cha kilomita 50 kwa saa, na baada ya kibao huenda kuna tochi, kile kifaa cha polisi cha kupima mwendo. Mkodi huwa na haraka kwa sababu anahisi saa yake inalipiwa. Lakini kutoka Mbagala hadi Bungu ukikimbia kote utaokoa dakika ishirini, na tochi moja inameza zaidi ya posho ya dereva ya siku nzima. Utii wa vibao ndiyo punguzo la bei lisilohitaji kubembeleza mtu.

Mafuta jaza Dar. EWURA hutangaza bei za kikomo Jumatano ya kwanza ya kila mwezi, na bei hizo hupanda kidogo kidogo kadiri unavyoiacha bandari. Safari yako ikikaribia Jumatano hiyo, sikiliza redio kwanza, ndipo uamue kujaza leo au kesho kutwa.

Na jiulize, likiharibika nani atalitengeneza? Delta ina kisa cha zamani cha swali hili. Mwishoni mwa 1914 meli ya kivita ya Wajerumani, Königsberg, ilijificha ndani ya mikoko ya Rufiji, na Waingereza hawakuwa na jicho la kuiona. Wakamchukua rubani wa kiraia kutoka Durban, Dennis Cutler, pamoja na ndege yake ya kutua majini, wakaileta kwa meli. Ndege ikaanza kuvuja rejeta. Fundi hayupo, duka halipo. Ikabidi rejeta itafutwe Mombasa, na iliyopatikana ilikuwa ya gari la Ford. Wakaifunga, ikaruka, meli ikaonekana. Desemba Cutler alishuka na ndege kwenye delta, akatekwa. Königsberg ilizamishwa Julai 1915, na kwa kazi hiyo walileta ndege nyingine.

Wewe huna jeshi la majini la kukutafutia rejeta. Kabla ya kuondoka pata namba ya fundi wa Bungu au Kibiti, na kubaliana kwa maandishi kwamba tengenezo dogo utalilipa na kukatiwa kwenye kodi kwa kuonyesha risiti. Chukua gari ambalo vipuri vyake vinauzwa kila kona. Fahari ya gari kubwa la ajabu iishie harusini.

Na asiyehitaji gari kabisa?

Hili wenye magari hawatakwambia. Kutoka Mbagala Rangi Tatu kuna mabasi ya kusini na magari ya Nyamisati, na kama mko wawili au watatu na mizigo ya kawaida, nauli haishindani na kodi hata kidogo. Mkiwa watano sita, wazee ndani na mtoto wa miezi minne, gari lina maana. Kuna pia njia ya katikati ambayo mimi naipenda: basi hadi Bungu, halafu pale unakodi gari la watu wa palepale kwa kilomita 40 za mwisho. Dereva wa Bungu analijua shimo lilipo, ana ndugu Nyamisati, na anakutoza safari badala ya siku, kama Saunders wa Omaha. Siku za sikukuu kuu magari hayo huwa adimu na bei inapanda, kwa hiyo namba ya mtu mmoja ya kuaminika ina thamani kuliko punguzo lolote.

Namba hiyo ninayo. Idi iliyopita nilimwandikia kutoka Maparoni usiku wa kuamkia kurudi, nikiwa nimesimama kwenye kigogo cha mnazi palipo na mtandao: "Kesho saa nne Nyamisati. Watu wazima wanne, watoto wawili, nusu gunia la mchele, ndoo mbili za kamba wakavu. Njoo na turubai."

Akajibu baada ya dakika tano: "Sawa dada. Lakini kamba wawe wamekauka kweli. Mara ile ulisema hivyohivyo."